Bango lipi kwa filamu yako? Sura, ishara, brashi na kioo cha simu

Watayarishaji wengi wa filamu kwetu huagiza bango moja, kisha hulitumikisha kila mahali: ukutani penye ukumbi, kwenye stetasi ya WhatsApp, YouTube, hadi kwenye maombi ya tamasha. Kwa kuwa ni moja, kila mtu anataka chake kiwemo. Mwongozaji anataka moto, mfadhili anataka nembo, waigizaji saba wanataka nyuso zao, na mtayarishaji anaongeza namba ya simu. Bango likitoka limejaa, analaumiwa msanifu, ilhali tatizo lilianza kabla hajafungua kompyuta. Hakuna aliyeamua litaonwa na nani, akiwa wapi, na kwa sekunde ngapi.

Nazilinganisha hapa aina kuu za mabango na mazoea yake, na nitasema wazi ningechagua ipi na kwa kazi gani.

Dokezo na bango kuu

Dokezo hutoka miezi kadhaa kabla ya filamu. Halina majina ya waliofanya kazi, mara nyingi halina hata sura. Lina picha moja na tarehe, au neno "Inakuja". Bango kuu hutoka filamu inapokaribia kuonyeshwa, nalo ndilo linalobeba jina, waigizaji, kaulimbiu, safu ya majina chini, tarehe na nembo.

Dokezo linalotajwa sana ni la Batman ya 1989: nembo ya popo, rangi nyeusi na dhahabu, na tarehe ya 23 Juni. Jina la filamu halikuhitajika. Wasanifu wanalipenda bango lile na wengi wanalifuata, wanaweka alama ya ajabu katikati ya giza na mwaka chini yake. Lakini Batman alikuwa kwenye vitabu vya katuni tangu 1939. Miaka 50 ilikuwa imeshafanya kazi ambayo bango halikulazimika kuifanya. Alama mliyoibuni wiki iliyopita haimwambii mpita njia chochote.

Kwa hiyo dokezo linafaa pale penye kitu ambacho watu wanakijua tayari. Inaweza kuwa mwigizaji, inaweza kuwa tukio la kihistoria, inaweza kuwa kitabu. Mwongozaji Amil Shivji alipoitoa filamu ya Vuta N'kuvute mwaka 2021, maelfu ya watu waliosoma riwaya ya Adam Shafi walikuwa wanalifahamu jina hilo kabla hawajaona picha hata moja. Filamu ya namna hiyo ina haki ya kuwa na dokezo la maneno mawili tu. Filamu yenye jina geni na waigizaji wapya ingefanya vizuri kuruka dokezo na kuweka pesa yote kwenye bango kuu.

Kati ya hayo mawili kuna mabango ya wahusika: mfululizo wenye umbo moja, kila bango na mtu wake. Hayo nayapenda kwa mazingira yetu, na sababu ni ya kibiashara. Mwigizaji ukimpa bango lenye sura yake peke yake, atalirusha kwa wafuasi wake bila kuombwa. Ukimpa bango ambalo yeye ni kichwa cha sita nyuma ya moshi, atalirusha mara moja kwa heshima, basi. Gharama yake si kubwa mkipanga mapema: ukuta mmoja, taa ileile, wahusika wote wapigwe picha siku moja wakiwa wamevaa mavazi ya filamu. Mkisubiri hadi kazi iishe, mmoja atakuwa amenyoa nywele na mwingine amesafiri.

Sura nyingi, ishara moja, au picha yenye uhusiano

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa, na nadhani ubishi wenyewe huanza vibaya. Watu husema bango lenye vichwa vingi ni ushamba na bango lenye ishara moja ni usomi. Siyo hivyo.

Tukumbuke kava za Bongo Movie enzi za DVD. Nyuso zilijaa, jina limechorwa kwa dhahabu, nyuma kuna gari au nyumba ya kifahari. Kava ile ilipangwa kwenye rafu au meza pamoja na nyingine nyingi, na swali la kwanza la mteja lilikuwa moja: yumo nani? Kava ilijibu swali hilo kutoka mbali. Sura ya Steven Kanumba, ambaye tulimpoteza mwaka 2012, ilikuwa jibu kamili, wala mnunuzi hakuhitaji kusoma kitu kingine. Hollywood nayo hurundika vichwa vya waigizaji kimoja juu ya kingine, mkubwa juu, wadogo chini, kwa sababu ileile.

Upande wa pili yupo Saul Bass, msanifu wa Marekani. Kwa Vertigo ya 1958 alichora mzunguko mweupe juu ya rangi ya machungwa, na watu wawili wadogo wanaotumbukia katikati yake. Mwaka uliofuata, kwa Anatomy of a Murder, alikata umbo la maiti vipande vipande kama karatasi, akaweka jina juu ya mwili huo. Wazo moja, rangi chache, hakuna sura ya nyota inayotawala. Ukiyaona leo bado yana nguvu.

Wengi wanaovutiwa na njia hiyo huitazama pia Poland, na hapo napenda twende taratibu. Kuanzia miaka ya 1950 wachoraji wa Poland walitengeneza mabango ya filamu ambayo hayakufanana na kitu chochote duniani: mafumbo, michoro ya ajabu, wakati mwingine bila dalili yoyote ya mwigizaji. Henryk Tomaszewski ni mmoja wa waliofungua njia hiyo. Lakini aliyewaagiza kazi ilikuwa dola. Usambazaji wa filamu ulikuwa mikononi mwa serikali, na bango halikulazimika kupigania tiketi kwa kutumia sura ya nyota. Uhuru ule wa kisanaa ulisimama juu ya mfumo ule wa fedha. Wewe unayetaka kurudisha mkopo wa filamu yako huna mfumo huo nyuma yako. Ukiiga fumbo la Kipolandi bila kujiuliza nani anawaleta watu ukumbini, umechukua nusu ya jambo.

Ipo njia ya tatu, nayo ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi: picha moja yenye uhusiano ndani yake. Mfano ulio wazi kabisa ni bango la Jaws la 1975, lililotokana na mchoro wa Roger Kastel. Mwanamke anaogelea juu ya maji, papa mkubwa kupita kiasi anapanda kutoka chini. Hakuna mwigizaji maarufu pale, na wala si fumbo. Ukitazama unajua nani yuko hatarini, hatari inatoka wapi, na kwamba yeye hajaiona. Mtu asiyejua kusoma angeielewa. Kinachofanya kazi ni ukubwa wa kimoja ukilinganishwa na kingine, na nafasi iliyo kati yao.

Basi kabla ya kuchagua, jibu maswali mawili. Je, sura ya mwigizaji wako inatambulika na mtu ambaye si ndugu wala rafiki? Ikiwa ndiyo, itumie, kubwa, bila haya. Ikiwa hapana, je, filamu yako ina wazo linaloweza kuelezwa kwa kitu kimoja? Ikiwa ndiyo, tumia ishara. Ikiwa majibu yote ni hapana, tafuta uhusiano: nani anamtaka nani, nani anamkimbia nani, nani amesimama mlangoni na nani yuko ndani. Filamu nyingi za familia na mapenzi, ambazo ndizo tunazotengeneza kwa wingi, zina uhusiano mzuri sana, kisha bango lake linapanga watu watano kwa mstari wakitazama kamera kama picha ya harusi.

Jambo moja kuhusu nyota wawili wenye hadhi sawa, maana huzua ugomvi kweli. Mwaka 1974, The Towering Inferno iliwakutanisha Steve McQueen na Paul Newman, na kila mmoja alistahili kutangulia. Suluhisho lilikuwa kuweka jina la McQueen kushoto lakini chini kidogo, na la Newman kulia lakini juu kidogo. Anayesoma kutoka kushoto anaanza na mmoja, anayesoma kutoka juu anaanza na mwingine. Ndiyo maana pia wakati mwingine unaona jina limekaa juu ya sura isiyo yake: majina hupangwa na mkataba, sura hupangwa na msanifu. Kwetu mikataba mingi haisemi lolote kuhusu bango. Andikeni mapema mpangilio wa majina, hata kwa sentensi moja.

Brashi, kamera au herufi tupu

Bango la kuchorwa kwa mkono lilizaliwa na uhitaji. Nchini Ghana, miaka ya 1980 na 1990, wenye sinema za kuhamahama walizunguka na televisheni, deki ya video na jenereta. Mabango yao yalichorwa kwa rangi ya mafuta juu ya magunia ya unga yaliyofumuliwa na kushonwa pamoja, kwa sababu turubai la namna hiyo lilihimili kukunjwa na kusafirishwa. Wachoraji walitia chumvi: damu ikawa nyingi kuliko ya filamu, nyoka akawa na vichwa zaidi. Leo magunia hayo hununuliwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. India nayo ilikuwa na viwanda vizima vya wachora mabango, M. F. Husain, mmoja wa wachoraji wakubwa wa nchi hiyo, alianzia kwenye kupaka mabango ya sinema mjini Bombay. Kizazi kilichojaza kumbi kama Majestic ya Unguja na Avalon ya Dar es Salaam kutazama filamu za Kihindi kinaukumbuka ulimwengu huo wa mashavu ya waridi na macho makubwa.

Kwetu mchoro wa mkono haujafa. Wapo wanaochora mabango ya saluni na bodi za magari, na wapo wachoraji wa Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mjini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Rangi zake za enameli hung'aa, mistari yake haina shaka. Kwa filamu ya watoto, ya ngano au ya katuni, ningemwendea mchoraji wa Tingatinga kabla ya kutafuta programu yoyote. Kwa filamu ya upelelezi au ya huzuni ya mjini, hapana. Furaha ya mtindo ule itamdanganya mtazamaji, na mtazamaji aliyedanganywa na bango huondoka na hasira iliyo halali.

Bango la picha ndilo chaguo la wengi, na kosa lake kubwa ni la kiufundi. Watu hukata picha kutoka kwenye video. Video ya HD ina pikseli 1920 kwa 1080. Ukiikata wima kwa umbo la bango zinabaki pikseli 720 kwa 1080, ambazo kwa uchapaji safi wa nukta 300 kwa inchi ni karatasi ya sentimita 6 kwa 9. Bango la A3 linahitaji pikseli 3508 kwa 4961, na A2 linahitaji 4961 kwa 7016. Hata video ya 4K haifiki. Ajiri mpiga picha kwa siku moja ya upigaji filamu, aje na kamera ya picha za mnato, apige wima. Ukiniuliza pesa ya bango itumike wapi kwanza, nitajibu hapo, kabla ya msanifu na kabla ya mchapaji.

Bango la herufi tupu ndilo la bei nafuu kuliko yote, na kwetu limeachwa bila sababu. Lugha yetu ina majina ya filamu yanayobeba picha yenyewe, hasa yakitoka kwenye methali na misemo ambayo msomaji anaimalizia kichwani. Kanga imekuwa ikifanya hivyo miaka mingi: pindo pembeni, mji katikati, na jina kwa herufi kubwa chini, na mtu husoma jina kabla ya kutazama maua. Kwa filamu ya hali halisi, ambako mara nyingi hakuna nyota, jina lililopangwa vizuri kwenye rangi moja litashinda picha hafifu ya mahojiano.

Kuhusu rangi sitakaa sana. Bluu na machungwa ni za mapigano, nyeusi na nyekundu za kutisha, nyeupe yenye herufi nyekundu ya vichekesho, njano hupendwa na filamu ndogo za kujitegemea. Mazoea hayo yana faida: mtu anajua aina ya filamu kabla hajasoma. Yavunje tu ukiwa na jambo la kusema.

Ukutani na simuni

Bango la kawaida la Marekani lina inchi 27 kwa 40, yaani takriban sentimita 69 kwa 102. Hadi miaka ya 1980 lilikuwa inchi 27 kwa 41. Uingereza ilizoea bango la kulala, inchi 30 kutoka juu kwenda chini na 40 kwenda pembeni, ndiyo maana mabango yao ya zamani yamepangwa tofauti kabisa na ya Marekani kwa filamu ileile. Ufaransa ina bango kubwa la sentimita 120 kwa 160. Wachapaji wetu wanatumia karatasi za A, ambazo ni pana zaidi kidogo kwa urefu wake. Ukimpelekea mchapaji bango lenye vipimo vya Kimarekani alichape kwenye A3, ama atakata milimita 20 za urefu, na mara nyingi zinazokatwa ni zile zenye majina ya chini, ama ataacha ukanda mweupe pembeni. Mwambie msanifu wako aanze na A tangu mwanzo.

Ukutani kuna umbali. Kanuni ya waandika mabango ni kwamba herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka vizuri kutoka mita 3 hivi. Pima umbali kati ya ukuta na watu wanapopita, kisha amua ukubwa wa tarehe na mahali. Kumbuka pia kwamba kioo kinang'aa kwa mwanga wake na karatasi haing'ai. Bango la giza linalopendeza kwenye kompyuta hutoka mashineni likiwa tope. Chapa nakala moja ndogo kwanza.

Simuni mambo hugeuka. Picha ya YouTube ni ya kulala, pikseli 1280 kwa 720, na kona ya chini kulia hufunikwa na muda wa video, kwa hiyo usiweke neno pale. Stetasi ni ya wima, 1080 kwa 1920. Bango kuu likibanwa ndani ya picha ya YouTube linaacha kuta mbili tupu pembeni na watu wadogo kama sisimizi. Kwa simu tengeneza kitu kingine kabisa: sura moja au kitu kimoja, jina la filamu lisizidi maneno matatu yanayosomeka, basi. Safu ya majina haina kazi hapa, iende kwenye maelezo chini ya video. Jaribio langu ni rahisi: punguza picha hadi ilingane na ukucha wa kidole gumba, mpe mtu asiyeijua filamu, muulize anaona nini. Akisema "watu wengi", rudi kazini.

Kama filamu yako itaishi YouTube tu, na nyingi zetu ndivyo zilivyo sasa, mimi ningeanza na picha ya YouTube na kulitoa bango la ukutani baadaye kutoka humo. Wengi hufanya kinyume kwa sababu bango la ukutani lina heshima zaidi. Heshima hiyo haileti mtazamaji.

Tamasha, majina ya chini na idhini

Bango la tamasha linatazamwa na watu wanaochagua filamu kwa kazi: wapangaji wa programu, waandishi, wanunuzi. Hao wanaweza kusimama mbele yake. Hapo ishara na ukimya vina nafasi kuliko mtaani. Mashada ya majani ya matamasha, yaani alama za kuonyesha kwamba filamu ilichaguliwa na tamasha fulani, yawekwe machache. Yakiwa kumi na mawili, la matamasha makubwa kama ZIFF ya Zanzibar au FESPACO ya Burkina Faso linapotea katikati ya yale ambayo hakuna anayeyajua. Ukibadilisha jina kwa ajili ya nje, kama Vuta N'kuvute ilivyozunguka pia kwa jina la Tug of War, acha jina la Kiswahili liwe kubwa na la kigeni likae chini yake, maana watu wa kwetu watalitafuta kwa lile la kwanza.

Safu ya majina membamba marefu chini ya bango si pambo. Mikataba ya Hollywood hupima kimo cha herufi za majina kwa kulinganisha na kimo cha jina la filamu, na mara nyingi haizungumzii upana. Wasanifu wakachukua fonti nyembamba sana, kimo kikatimia na nafasi ikabaki. Wewe ukiwa na majina manane tu, huna sababu ya kuyabana hivyo. Yaandike yasomeke. Nembo za wadhamini zipange mstari mmoja, rangi moja, na namba ya simu ya mtayarishaji iondoke kwenye bango kuu iende kwenye barua kwa wasambazaji.

Kwa Kenya kuna jambo la kuliweka kwenye ratiba mapema. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inaipa Bodi ya Uainishaji wa Filamu kazi ya kukagua filamu pamoja na mabango yanayowasilishwa kwake, na alama ya umri, GE (ya watu wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 au 18, inahitaji nafasi yake kwenye mchoro. Bastola iliyoelekezwa kwa mtazamaji au mwili ulioachwa wazi inaweza kukurudisha nyuma hata kama filamu yenyewe ni ya watu wazima. Mwachie msanifu kona tupu tangu rasimu ya kwanza, na peleka bango pamoja na filamu kabla hujalipa mchapaji.